Pete ya Korongo Mweupe

Nyuma ya mashine ya kusaga ya mzee Castory,
Chang'ombe,
Dodoma.

29 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Paulina,

Nakusalimu kwa salamu nyingi kuliko bahasha hii inavyoweza kubeba. U hali gani, na shemeji Andreas hajambo? Tulipoagana mgongo ulikuwa unamsumbua, natumaini umepoa. Na mpwa wangu Hana, bado anakataa samaki na huku amezaliwa kisiwani? Mwambie mjomba anamuunga mkono. Wale samaki wa huko wanaoletwa mezani na macho yao, mimi pia walinishinda.

Sisi huku tu wazima. Wifi yako Yasinta anakusalimu, presha yake inapanda na kushuka, ila dawa anameza bila kusukumwa. Mama kule kijijini anatembea, anakula kidogo, na masikio yamezidi kuziba, kiasi kwamba tukiongea naye kijiji kizima kinajua habari zetu. Mvua zilianza vizuri Desemba, zikakatika Januari, kisha zikarudi. Uwele ulisimama vizuri. Hayo ya uwele nitayarudia.

Ujumbe wako wa sauti niliupata wiki iliyopita na nimeusikiliza mara nne. Umeuliza kama huku korongo wameshaondoka, maana yule wenu wa kwenye bomba la moshi hajafika, mwenzake amesimama peke yake kiotani, na Bwana Nikos anapokea kundi lake la kwanza la wageni wa kutazama ndege mwishoni mwa Aprili. Sikukujibu kwa simu kwa sababu sauti ingenisaliti. Jibu ninalo, Paulina, na si zuri. Nivumilie nilifikie polepole.

Kwanza nikushukuru tena kwa ile wiki ya Aprili mwaka jana. Ulinitafutia nafasi kwenye kundi la Bwana Nikos, mimi mstaafu wa kuua ndege, nikatembee na watu waliolipa ili wawaangalie tu. Hukumwambia mtu kazi yangu. Ulisema kaka ni mtu wa kilimo, nami nikaacha iwe hivyo.

Bado nacheka peke yangu nikikumbuka asubuhi ya kwanza, pale kwenye shamba la shayiri. Wazungu kumi na mmoja wamenyamaza kama wako kwenye ibada, wanasubiri kidege kimoja cha ukubwa wa kidole gumba kitoke kwenye majani. Ghafla likaja kundi kubwa la shomoro, likatua kwenye shayiri, na mimi bila kufikiri nikaruka, nikapiga makofi na lile yowe letu la dunguni. Shomoro wakaenda, kidege kikaenda, na yule mama mwenye kofia ya kijani hakunisemesha hadi chakula cha mchana. Ningemweleza nini? Wewe na mimi tumekulia juu ya dungu, tukiamia mtama wa baba kwa kombeo na makopo tangu alfajiri hadi jua linazama. Mkono wangu haukuuliza tuko nchi gani.

Siku ya nne ndiyo ile ya bomba la moshi. Bwana Nikos alisimamisha darubini kubwa ya miguu mitatu, kila mtu akajaribu kusoma pete nyeupe mguuni mwa korongo, jua likawashinda. Nikaisoma mimi: ZK 47. Miaka thelathini na moja ya kukadiria makundi ya kweleakwelea, wale ndege wala nafaka, kwa macho matupu ilinifaa siku hiyo. Wakanipigia makofi, na mwenye kofia ya kijani akanisamehe.

Bwana Nikos akapekua daftari lake. Alisema ndege huyo alimvisha pete yeye mwenyewe, akiwa kinda, miaka tisa nyuma, na kwamba kila mwaka baridi ikikaribia anaruka kuja pande zetu, kisha anarudi kwenye bomba lile lile. Halafu akanigeukia, na wewe ukatafsiri: "Basi wewe ndiye jirani yake wa miezi ya baridi. Nitunzie." Nami nikajibu, "Nitamtunza." Nilijibu kama mtu anavyojibu ugenini akiwa ameshiba.

Sasa uwele. Mama amekataa kuhamia mjini, hilo unalijua. Mwaka huu alilimiwa eka mbili kule kijijini, njia ya Bahi, na mwishoni mwa Februari punje zilipoanza kuingia maziwa, kweleakwelea wakashuka. Watoto wa pale wako shuleni, vijana wako kwenye bodaboda. Akapanda dunguni mwenyewe, Paulina, mama wa miaka themanini na mmoja, na kopo lake na fimbo. Nilipofika Jumamosi nilimkuta mkono wa kulia umevimba hadi kwenye kiwiko. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Alisema, "Umeua ndege wa watu wote nchi hii. Wa mama yako atawaua nani?"

Jumatatu nikaenda ofisini kwetu kwa zamani. Watu hawatoshi, wakafurahi kuniona, maana mahali ndege wanapolala kwenye yale matete ya bwawani napajua kuliko njia ya kwenda kanisani. Wakanipa sumu na mabomba mawili ya mgongoni. Jioni ile ile nikanyunyiza pamoja na Daudi, yule tuliyeajiriwa naye mwaka mmoja.

Asubuhi nikarudi kuhesabu, ndivyo kazi inavyotaka. Kweleakwelea walitanda chini ya matete kama nafaka iliyoanikwa. Wanakijiji walishafika na ndoo na viroba, kwa kuwa kwetu ndege huyo ni kitoweo, na nilishinda hadi saa tano nikiwazuia na kuwaeleza kwamba hawa wana sumu. Mama mmoja akaniambia, "Wao wamekula uwele wetu, na wewe unatukataza kuwala wao." Alimwaga ndoo yake taratibu, akarudi nyumbani na ndoo tupu.

Korongo walikuwa upande wa pili wa maji. Kumi na wanne. Walikuwa safarini kurudi huko kwenu, wakaona chakula kimelala chini, wakatua, wakala. Wawili walikuwa bado wanajaribu kusimama. Nimewaona korongo wa namna hiyo mara nyingi katika kazi yangu. Kwenye fomu kulikuwa na mstari wa ndege wengine waliokufa, nilikuwa najaza namba na kwenda kunywa chai. Safari hii nilipiga magoti kwenye tope nikawa napekua miguu yao mmoja mmoja, huku naomba. Wa tisa alikuwa na pete. Sikuhitaji darubini.

Najua utasema ni bahati mbaya. Usiseme. Nilijua ni wiki za korongo kupita, na nilijua wanapenda matete yale. Hayo nimeyajua tangu sijaota mvi. Niliutazama mkono wa mama nikachagua mkono wa mama, na kesho ningechagua vile vile. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Ingekuwa tumeuokoa uwele, ningekuwa na neno la kujitetea. Siku ya nne likaja kundi jingine, kubwa kuliko lile la kwanza, na kufika Jumapili masuke ya mama yalikuwa matupu. Amevuna debe moja na nusu kwenye eka mbili. Uvimbe umepungua, na mkono ule ule ameutumia kupepeta hilo debe. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Juzi ofisi imenipigia simu tena. Wanataka nianze Jumatatu, mtama wa watu unakomaa. Nimekubali. Korongo sasa wamekwisha kupita, lakini watakuwepo ndege wengine, wale ambao Bwana Nikos alikuwa akituonyesha kwa kunong'ona, na majina yao nimeyasahau. Usidhani sikutafuta njia nyingine. Niliuliza habari za nyavu, nikaambiwa hazitoshi hata kijiji kimoja. Niliomba mwakani tusubiri korongo wapite kwanza, wakaniuliza nani atawaambia wenye mashamba wasubiri. Nilifikiria mama juu ya dungu, nikaaga nikaondoka. Mdogo wangu, sioni mwaka ambao jambo hili litakwisha, na nimechoka kujidanganya kwamba unakuja.

Nina ombi moja. Mwambie Bwana Nikos kabla wageni wake hawajafika, asije akawasimamisha chini ya lile bomba la moshi kusubiri. Mwambie yote, usipunguze, na usiseme tena kwamba kaka ni mtu wa kilimo. Akitukana, sikiliza hadi mwisho kisha unitafsirie kila neno. Ile nafasi uliyonishikia tena kwa mwezi wa tano mpe mtu mwingine. Nilitamani sana kurudi, hata viatu nilikwisha kununua, lakini siwezi kwenda kusimama pale mbele ya yule aliyebaki.

Mama anakusalimu sana. Habari za korongo hajui. Nilimwambia tu kwamba huko kwenu kuna watu wanaosubiri ndege warudi, akauliza kwa sauti ya kijiji kizima, "Kwani hao hawalimi?" Nilishindwa kucheka. Nisalimie shemeji, na mama yake aliyenifunga skafu shingoni siku ya upepo. Mbusu Hana kwenye paji la uso. Akikuuliza kwa nini kiota kina ndege mmoja, sijui umwambie nini. Mimi nimetafuta maneno ya mtoto nimeyakosa.

Pete nimeikata mguuni kwa mkasi wa Yasinta, nikaiosha, imo humu ndani ya bahasha kwenye kipande cha kitenge. Herufi na namba bado zinasomeka. Mpe Bwana Nikos mkononi, na mwambie imetoka kwa jirani.

Mungu awatunze ninyi wote, Paulina, kwa maana mimi niliahidi kumtunza mmoja tu.

Ndimi kaka yako akupendaye bila kupungua,

Methusela