Kila Swali Namjibu Freshi

Basi nikamjibu freshi, Bi Asteria, na neno lilipotoka nikaliona kabisa linakwenda, kama kitu kimekudondoka majini, unakitazama kinazama na mkono haufiki. Shikamoo mama yangu. Naomba unisaidie, na jina langu la kweli usilisome hapo redioni, we niite Ausi, na yeye muite Adila.

Mimi natia samaki chumvi hapa Bagamoyo, chini sokoni, wale wazuri wanawekwa barafu wanaondoka na magari kwenda mahotelini, waliobaki ndio wanaletwa kwangu, nawapasua nawapaka chumvi nawaanika juu ya kichanja mpaka wakauke wawe ng'onda, na kazi hii haina haja ya kusema. Shule niliishia darasa la nne. Maneno kwangu yanakuja yamechelewa, watu wakishaondoka. Kwa hiyo nina neno moja tu la kujibia. Vipi Ausi, freshi. Nyumbani je, freshi. Mwaka juzi mama alilazwa, nikaulizwa hali yake nikasema freshi, na siku hiyo hata uji haupiti kooni, sasa kapona alhamdulillahi.

Adila anakuja kila asubuhi kumnunulia bibi yake ng'onda, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anachagua, na anachagua polepole mpaka nasahau kama nina kisu mkononi. Chumvi inametameta juani, kanga yake inapepea, sauti yake inakuwa kama inatoka mbali, chumba cha pili, naona kama tumekaa hivyo miaka mingi na tumeshazeeka, na kumbe sijamwambia kitu. Akifikiri anauma pindo la kanga. Akipanda zile ngazi za sokoni anaanza mguu wa kushoto. Hayo yote nayajua. Siku moja akanitania, "We Ausi, kila siku freshi, na samaki wako wote wana chumvi!" Wachuuzi wakaangua kicheko, na mimi nikacheka peke yangu mpaka alasiri.

Sasa juzi Jumanne hakuchagua. Akakaa tu. Akaniambia, "Nimeletewa posa. Mtu wa Pangani, ana duka la vifaa vya ujenzi. Bibi anataka jibu litoke Jumapili." Akasema, "Ausi, wewe unaonaje?"

Nikasema freshi. Sikutaka, Bi Asteria, wallahi, lenyewe lilikuwa limeshafika mlangoni limevaa viatu. Akanitazama sana, akasema, "Haya, kama freshi, freshi," akachukua kapu lake tupu akaenda, na jana hakuja.

Naomba unieleze hili neno lina nini, hao wenye Kiingereza chao walilitengeneza liseme nini, maana nimelisema maisha yangu yote wala silijui. Na nifanye nini. Leo tayari Alhamisi, barua nampa Medard wa bajaji aifikishe hapo leo leo.

Jibu la Bi Asteria

Marahaba, mwanangu Ausi. Nimekuonea huruma, na katikati ya barua nikatamani kukuvuta sikio.

Tuanze na neno. Nimefungua kamusi. Zamani sana Waingereza walilisema juu ya maji: maji freshi ni yale yasiyo na chumvi, ya mto na ya kisima. Kisha wakalitumia kwa nyama na samaki ambao hawajatiwa chumvi, kwa mkate uliotoka jikoni sasa hivi, kwa hewa ya alfajiri, kwa habari ya leo. Lilipofika kwetu tukalifanya jibu la salamu, na hakuna ubaya. Mtu akikupita njiani, mwambie freshi aende zake. Lakini Adila hakukusalimia, mwanangu. Alikuuliza. Aliyeulizwa akajibu kama aliyesalimiwa, huyo amefunga mlango na mgeni bado yuko kizingitini.

Na wewe unayejijua hodari wa kutazama, umetazama nini? Bibi mmoja anakula ng'onda wangapi kwa wiki? Binti mwenye posa nyumbani anakuja kukaa kwenye ndoo ya mtia chumvi kwa sababu miguu imemuuma? Alikuja kukupa nafasi, ukamrudishia.

Sasa sikiliza. Leo Ijumaa, weka kisu chini, nawa mikono, vaa shati safi, nenda kwao mchana kweupe, bisha hodi, msalimie bibi kwanza. Ukikosa maneno, mwambie hayo hayo uliyoniandikia mimi. Barua yako si ya mtu asiyejua kusema. Akikukataa, utaumia na utapona, na mtakie heri. Akikukubali, usikae kufurahi: posa ya huyo wa Pangani haijajibiwa, tafuta mtu mzima wa kwenu apeleke posa yako kwa adabu kabla ya Jumapili. Na usiniandikie tena kuniuliza uanzie wapi. Nenda.

Ujumbe wa simu ulioingia kipindi kikielekea mwisho

Bi Asteria nimekusikia, kwenye redio ya muuza kahawa. Sikubadili shati. Nimemkuta uani anaanua nguo, bibi yake yuko barazani kaniitikia marahaba. Nimemwambia Adila yote, yametoka hayana mpango, mengine nimeanzia mwisho. Nguo zote ziko begani kwake, mimi nilikuwa kama nimelala naota nimesimama. Kisha kasema, "Na mimi nilidhani hunioni." Nikamwambia nataka kukuoa. Kasema, "Sasa umesimama hapa unangoja nini, nikuposee mimi?"

Siwezi kuandika zaidi, naondoka, wa kunipelekea posa ni mjomba Abdulswamad peke yake na gari analopanda kwenda Fukayosi linatoka saa tano, harudi mpaka Jumatatu.