Ukakasi wa Mkaidi

Kaka yangu,

Huku hatujambo, ila paa la banda la mapipa linavuja, na paka wako amezaa tena, mume hatumjui.

Juzi tulifungua pipa la Mkaidi, ile zabibu nyeusi ya Baba yenye ganda nene. Mvinyo wake wa kwanza wewe uliutema mbele ya Baba, ukasema, "Hii dawa ya kusugulia masufuria!" Ukabamiza mlango, ukaenda zako. Baba akabaki anauambia mlango, "Mkaidi hazoeleki kwa siku moja. Ana ukakasi wa ujana tu. Mpeni muda." Sikujua anamsema nani, zabibu au wewe.

Kaka, ukakasi umekwisha. Mvinyo umekuwa mzito, laini, unanukia zambarau zilizoiva, na hata ukishaumeza bado umo kinywani. Nilimmiminia Baba kwanza. Akazungusha bilauri, akanywa. Tangu augue, ulimi wake hausikii hata chumvi, nami nilikuwa nimesahau.

"Mtamu, Baba?" nikamuuliza.

Akaisukuma bilauri upande wa kiti chako.

"Mwandikie kaka yako," akasema. "Aje anionjee."

Ni mimi,
kitindamimba wenu