Swali la Daktari Kuhusu Mjomba

Fridley, 9 Februari 2025

Bibi, shikamoo.

Leo nitakuambia yote, hata yale Mama anayoyaficha kwa kuogopa jicho la watu. Mdogo wangu Salmin amelazwa tena. Ni nimonia ya tatu tangu Septemba, na masikio yake hayaishi usaha. Daktari anashuku amezaliwa na upungufu wa kinga ya mwili, ule wa kurithi unaopitia kwa mama na kuwapata wavulana. Ikijulikana mapema, kuna matibabu. Aliuliza kama kwao Mama alifariki mvulana mchanga. Mama alikuwa amemkataa mkalimani wa hospitali, Mswahili mwenzetu, asije akatutangaza, kwa hiyo nilitafsiri mimi.

"Mwambie hakuna. Sisi kwetu wazima!"

Nikasema hivyo hivyo, na tangu hapo situlii. Wewe kila Ijumaa humwombea Mjomba Abdulswamad, aliyefariki kabla hajajua kutembea. Nataka kumrudia daktari na ukweli. Nijibu upesi, Bibi: Mjomba aliugua nini?

Mjukuu wako,
Fathiya