Nilikizika Kipimajoto Kikiwa Kizima

Mpendwa Shangazi, kwa masikitiko makubwa nautangazia umma kwamba kipimajoto namba kumi na moja, kilichotangazwa kufa Jumanne, ni kizima cha afya, na aliyekizika ni mimi, fundi wa maabara mwenye kitambi na miaka hamsini na miwili, naomba unisaidie kabla sijaumbuka.

Kazi yetu ni kupima jinsi maji yanavyopoza bomba la boila yakipita kwa shinikizo kubwa mno, kiasi kwamba hayachemki tena, si maji si mvuke, lakini kwa kuwa mtambo wa maji wa namna hiyo unaweza kutuondoa na paa, tunatumia gesi ya kaboni dioksidi, ambayo hufikia hali hiyohiyo kwa theluthi ya shinikizo na joto la mchana tu, halafu shemeji yangu, mdogo wa kike wa mke wangu, anageuza vipimo vya gesi kuwa vya maji kwa kanuni aliyoihangaikia miaka minne, na kanuni ilikubaliana na kila kitu mpaka Jumanne hiyo, tulipopunguza mwendo wa gesi inayopanda na kuongeza moto, namba kumi na moja ikaruka nyuzi arobaini, jirani zake kwenye bomba wametulia.

"Shem, hicho chako kimepatwa na nini?"

"Kimekufa. Kifute."

Akakifuta kwenye jedwali la vipimo. Kesho yake nikakibandua kwenye bomba, nikakichovya kwenye birika linalochemka, kikasoma mia kamili. Mwisho wa mwezi jedwali linakwenda kwa waunda boila. Nimenyamaza kwa huruma, maana binti wa watu kafurahi mno kanuni yake kukubali. Nifanyeje?

Shangazi anajibu

Pole, baba, lakini huruma gani hiyo? Bomba likipasuka mahali jedwali linaposema ni salama, atakayesimama kando yake si wewe wala shemeji yako. Kanuni yake haijafa. Imefika mpaka wake, na mpaka huo umeuficha wewe. Leo hii, kabla ya chai, beba birika lako, kichovye mbele ya macho yake, umtajie siku uliyojua. Utani uache mlangoni. Kisha rudieni kipimo. Na hiyo sababu yako itazame upya, mimi sijaiamini.

Fundi anaandika tena

Shangazi, nilibeba birika. Shemeji akauliza, "Umejua tangu lini?" Nikamwambia. Hakunitazama. Akaandika juu ya jedwali: lisitumike pale maji yanapopanda polepole kwenye moto mkali. Tukakirudisha kwenye bomba, tukarudia kipimo, kumi na moja ikaruka tena, safari hii na kumi na mbili ikafuata.

Ukweli ni huu. Nilidhani nimekiunguza nilipokichomelea kwenye bomba, nikaona aibu, nikasema kimekufa mbele ya chumba kizima. Birika liliponiambia vingine, nikaona aibu ya pili. Shemeji sikumfikiria hata kidogo.