Matanga ya Émile

Jolie, nakuandikia mbio ku simu. Apolline amefukuza batu ku matanga. Matanga ya bwana yake mwenyewe!

Unajua ile habari yake ya kule Lac Vert, yenye Goma yote inabishania: taa ilishuka toka juu, batu ba angani bakamubeba Émile. Ba redio banasema ilikuwa bombe. Pasta anasema mashetani. Apolline hajageuza hata neno moja.

Leo anatoka soko ya Birere na nyanya zake za kuuzisha, anakuta hema ndani ya parcelle, pale nyumbani kwake, bamama bamefunga vitambaa, banaimba. Mama mukwe wake alipanga bila kumwambia! Jolie, Apolline aliangusha viti yote. “Munamulilia mutu ako safari?”

Mama mukwe akapiga magoti. Magoti, Jolie, mbele ya muke ya mutoto wake! “Sema tu ilikuwa bombe, binti yangu. Niache nimulilie.”

Nikamuvuta Apolline nyuma ya nyumba. Nilizani akili imeruka. Akaniambia ku sikio, polepole: “Najua ilikuwa bombe. Niliona. Lakini siku nitasema, Émile atakufa.”

Sasa nimerudi mbele. Mama mukwe angali chini, amenishika pindo ya pagne, ananiuliza Apolline amesema nini.