Baba mkwe ana kidonda chini ya saa, na mimi siruhusiwi kumgusa

Mpendwa Shangazi Bertilla,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo litakaloniharibia ndoa, na ukisikia kwamba kinachonisumbua ni mkanda wa saa usicheke kwanza, soma mpaka mwisho ndipo ucheke kama bado utataka. Mimi naitwa Dominika, Mfipa wa Kate, nimeolewa na Godbless, Mnyakyusa wa Tukuyu, tunaishi hapa Sumbawanga mtaa wa Chanji, na majina yetu naomba usiyabadilishe, yaandike hivyo hivyo yalivyo.

Mume wangu anafanya kazi bandarini Kasanga, anarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tunabaki mimi, mtoto wetu Lydia ambaye bado namnyonyesha, na baba mkwe, Mzee Andwele, aliyeletwa kwetu baada ya kuanguka kwenye migomba yake kwa sababu ya moyo. Sasa Shangazi, kwa wazee wa kwao mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso, hawashikani mikono, hata jina lake silitamki, hapa naliandika tu. Kwetu Kate tuliheshimu wakwe lakini si kwa kukimbilia nyuma ya nyumba mtu akipita, ila nilikubali nilipoolewa na sijutii, maana mzee huyu ni mtu mwema na hajawahi kunikosea. Chakula chake nakiweka kwenye kigoda mlangoni kwake, nakohoa, naondoka, naye akisikia nimefika jikoni ndipo anatoka kuchukua. Hata gazeti hili linapita kwenye kigoda hicho, yeye ndiye analisoma kwanza, na akifika kwenye ukurasa wako najua, kwa sababu namsikia anacheka peke yake.

Kuongea tunaongea kupitia Lydia. Namweka mgongoni nasema, "Lydia, mwambie babu uji uko tayari," naye kutoka ndani anajibu, "Lydia, mwambie mama yako nashukuru, ila sukari apunguze," na mtoto mwenyewe hana hata jino. Lydia ni jina la marehemu mama mkwe, kwa hiyo kuna siku baba akilitaja sauti inamshuka.

Godbless alimletea saa janja, ile inayopima mapigo ya moyo na kuyapeleka kwenye simu, ili akiwa Kasanga aone moyo wa baba yake unavyokwenda, na tulifurahi wote. Lakini mkanda wake ni wa mpira, na mzee saa haivui hata akioga, na wewe unaijua baridi ya huku kipupwe kikiingia, mtu anashinda na koti, basi hakuna aliyejua kinachoendelea ndani ya koti mpaka nilipofua shati lake nikakuta usaha kwenye mkono wa kushoto. Nikasema, "Lydia, muulize babu mkono una nini." Akajibu, "Lydia, mwambie mama yako ni baridi tu." Shangazi, baridi haitoi usaha.

Nikampigia Godbless, akasema mpira unamchubua, nenda sokoni ununue mkanda wa kitambaa, mbadilishie hapo hapo nyumbani, ni kazi ndogo sana, akanitumia na video. Nikanunua, muuzaji akaniambia nitatumia pini zile zile za zamani zinazoushika mkanda kwenye saa, nikauweka kwenye kigoda pamoja na maelezo kupitia Lydia. Mzee akaona asinisumbue. Akavua saa, akatoka nayo juani, akakaa pembeni ya turubai nililoanika ulezi, akaanza kuchokonoa kwa ncha ya kisu, na ile pini ina springi ndani, ikaruka ikaingia kwenye ulezi.

Mimi niko dirishani naona. Namwona mzee wa watu amepiga magoti anachambua ulezi kwa vidole vinavyotetemeka, miwani kaiacha ndani, na mimi siwezi kutoka kwa sababu yeye yuko nje. Akatafuta akachoka, akakohoa, akaingia. Ndipo nikatoka mimi, nikatafuta nikachoka, nikakohoa, nikaingia, akatoka tena yeye. Tukapokezana hivyo mpaka jirani yetu Mzee Valerian, ambaye huja kuota naye jua wakibishana kama ndizi zinaweza kumshibisha mwanaume, akauliza kutoka ng'ambo ya ua, "Jamani, humo ndani wote mna kifua?" Mwisho nikachukua chekeche, nikachekecha ulezi wote, pini ikabaki juu inang'aa, nikaiweka kwenye kigoda, na nikamsikia anasema, "Lydia, mama yako ni mtu kweli." Nililia, Shangazi, sijui hata kwa nini.

Ningedhani yameishia hapo. Kumbe muda wote huo huko Kasanga Godbless anaangalia simu haina mapigo, anapiga simu yangu imeisha chaji, ya baba iko ndani inaita tu, akajua baba amekufa, akaacha kazi akadandia lori la mizigo, akafika analia na kumkuta baba yake anakunywa uji. Mkubwa wake wa kazi alimpigia akamkaripia vibaya sana, akageuka na lori lile lile bila hata kuuona mkono uliokuwa ndani ya koti. Tangu hapo mzee amerudisha mkanda ule ule wa mpira, upande mmoja pini ilimshinda akaufunga kwa uzi, na kwa Lydia ametangaza kwamba saa hii hataivua tena, hataki kumpa mtoto wake msiba wa bure. Mkanda mpya bado uko kwenye kigoda. Mkono sasa umevimba, na jana kikombe kilimponyoka.

Nimempigia wifi yangu Martha aliyeko Mbeya, akaniambia nikimgusa baba nimeuvunjia heshima ukoo mzima, halafu hapo hapo akasema mkono ukioza, mimi ndiye niliyekuwa naye nyumbani. Kumwambia Mzee Valerian naona haya, baba mwenyewe anamficha. Juzi mchana baba akiwa amelala nilimfuata na mkasi, nikate uzi, nikate na mpira, nimbadilishie kabla hajaamka, na mkono wangu ulikuwa umeshashika pazia la mlango wake nikarudi. Shangazi, niingie au nisiingie? Nimheshimu mpaka mkono uoze, au nimponye nimvunjie heshima?

Ni mimi, Dominika wa Chanji.

*

Dominika mwanangu,

Marahaba. Nimecheka pale mlipokuwa mnakohoa, unisamehe, halafu nilipofika kwenye kikombe nikaacha.

Mkasi urudishe ulikoutoa. Mzee wa moyo, amelala zake, afumbue macho amkute mkamwana wake amemshika mkono na mkasi juu! Hapo Godbless ataona mapigo ambayo hajawahi kuyaona. Usiingie.

Lakini usikae tu, nawe. Usaha, uvimbe, kikombe kinachoponyoka, hayo si mambo ya mkanda tena, ni mambo ya zahanati. Kama mpaka unaposoma hapa hujamwita Mzee Valerian, kunja gazeti umwite kwanza, sisi tutakusubiri. Unaona haya ya nini? Mtu anayeweza kuhesabu vikohozi vyenu kutoka ng'ambo ya ua ameshajua kuna jambo. Ampeleke mwenzake, wabebe na dawa zake za moyo mganga azione, na huo uzi na huo mpira vikatwe huko huko, na watu ambao hawana mwiko naye. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hilo halibagui Mfipa wala Mnyakyusa.

Kabla saa haijatoka mkononi, piga simu Kasanga. Mwambie mumeo, "Saa inavuliwa sasa hivi, ukiona kimya ujue ni saa, baba yupo." Maneno hayo machache yangemwokoa na lori. Na wewe Godbless, maana najua utaonyeshwa ukurasa huu: kununua saa umefanya vizuri, mtoto anayemjali baba yake hivyo namheshimu. Ila umeona moyo wa baba yako kutoka mbali, ngozi yake hukuiona. Saa haifui mashati. Mpigie mzee mwenyewe kila jioni usikie sauti yake, halafu omba ruhusa uje umtazame.

Wifi Martha anayejua mila yote akiwa Mbeya, mabasi ya kupita Tunduma na Laela yapo kila siku. Yeye ni binti, anaruhusiwa kumshika baba yake mkono. Apande aje amwoshe kidonda, tuone.

Sasa mkanda wenyewe. Dominika, nani alikwambia mkanda unabadilishwa ukiwa kwenye mkono wa mtu? Mwiko wenu unakukataza kumgusa baba mkwe, haujasema neno juu ya saa iliyolala kwenye kigoda. Dawa mlishaipata wenyewe siku ya ulezi, mkapokezana kwa adabu na mkafaulu, kisha mkaiacha njia nzuri, mmoja akakimbilia uzi na mwingine mkasi! Saa ikirudi kutoka zahanati aiweke kwenye kigoda, akohoe. Wewe ichukue, kaa mezani, mbali na ulezi tafadhali, utandike kitambaa cheupe ili pini ikiruka uione. Ifute saa vizuri kwa pamba yenye spiriti. Ile pini nyingine itoe taratibu kwa ncha ya sindano nene, siyo kisu. Pitisha pini kwenye tundu la mkanda mpya, ncha moja iingize kwenye kitundu cha saa, ncha ya pili ibonyeze kwa ukucha, uisogeze mpaka uisikie imeingia. Upande wa pili vivyo hivyo. Ukimaliza uvute mkanda kwa nguvu bila huruma, kama ni wa kutoka utoke mezani kwako. Na kama huo ulionunua una kishikizo cha kusumbua, rudi sokoni ubadilishiwe, upewe ule wa kunata, ambao mzee anaufungua na kuufunga mwenyewe kwa mkono mmoja. Ahamishie saa mkono wa kulia mpaka wa kushoto upone, asiibane, kidole kipite chini yake, na akioga aivue.

Umeniuliza umheshimu au umponye. Mimi sioni kama hayo ni mambo mawili. Mwanamke aliyechekecha turubai zima la ulezi kwa ajili ya kitu kidogo kuliko kiberiti, kisha akakiweka mlangoni bila kuinua macho, ameshafanya yote mawili siku moja. Mzee mwenyewe alilisema, na ndiyo maana ulilia.

Limebaki jambo moja. Wote wanaoniandikia huniomba nifiche majina. Wewe umeniomba niyaache, na mtaa juu yake, halafu ukanidokeza kwamba gazeti linaanzia kwenye kigoda cha mzee na kwamba ukurasa wangu anausoma. Nilirudia barua yako mara ya pili ndipo nikakuelewa. Hukuniandikia mimi, mwanangu. Umenibeba mgongoni kama unavyombeba mtoto, ili nimfikishie babu neno. Haya, nimekubali kubebwa.

Lydia, mjukuu wangu usiye na jino, mwambie babu Shangazi Bertilla anamwamkia, shikamoo. Mwambie kwamba mama yako aliliona lile shati, hakuna haja ya kusingizia baridi. Mwambie kwamba Godbless atapigiwa simu kwanza, leo hakuna wa kudandia lori. Mwambie kwamba Mzee Valerian anakuja kubisha hodi, na habari ya ndizi wataimalizia njiani. Kisha mwambie aweke gazeti chini, avae koti waende huo mkono ukatibiwe, na akirudi aiweke saa kwenye kigoda, akohoe. Mama yako yuko jikoni, anasikiliza.