Picha ya Kwanza ya Kila Kamera

Baba,

Shikamoo, huko uliko. Leo sikuandikii ili nilie. Nimeshalia vya kutosha kwenye treni ya kwenda kwangu Tensta, watu wakikazia macho simu zao. Leo nina habari: Profesa amenasa.

Unajua aliniambia nini nilipompa taarifa ya kifo chako? "Pole sana." Halafu akauliza zile kamera zake mbili ulizotega bondeni zimeshachukuliwa? Udongo wa kaburi lako ulikuwa bado mbichi! Nikajibu nitauliza. Nikarudi mezani kwangu, ofisini kwake hapa Stockholm, nikaendelea kumchambulia picha za wanyama wala nyama wa msitu wetu wa hifadhi, fungo huku, kanu kule, chui kwa bahati. Moyoni nikasema, ngoja wewe.

Kisha kikaja kitabu chake. Jalada gumu, na mbele kabisa yule nguchiro wako. Yule waliyesema hayupo msitu ule, wewe ukasema yupo, kinyesi chake unakijua tangu ujana. Ndani Profesa kaandika kwamba kila kamera aliitega kwa mikono yake mwenyewe. Mikono yake! Mtu uliyemvusha mto mgongoni kwa kuogopa ruba! Wewe umo ukurasa wa mwisho, mstari mmoja: anawashukuru "wapagazi wa kijijini". Jina hakuna. Nilisoma mstari ule jikoni mpaka wali ukaungua.

Lakini kuna jambo alilisahau. Kila ulipofunga kamera mtini, ulishuka ukatambaa mbele yake kwa mikono na magoti, kifua karibu na majani, ujue kama itajipiga yenyewe mnyama mfupi akipita. Siku uliyonipeleka nilikucheka, nikasema si upunge mkono tu? Ukanijibu, "Mkono hautembei msituni, mwanangu." Basi picha ya kwanza ya kila kamera, miaka sita yote, ni wewe, magoti chini na ile kofia yako ya sufu. Profesa aliniagiza nizifute, eti picha za watu hazina kazi. Nikaitikia. Sikufuta hata moja.

Jana ulikuwa uzinduzi wa kitabu. Ukumbi umejaa, kahawa na mikate ya mdalasini. Picha za kuonyesha ukutani niliziandaa mimi, naye hakuzikagua, maana amezoea kufanyiwa. Ulinifundisha mwenyewe: mnyama hafukuzwi, jua njia yake, tega, nenda nyumbani. Njia ya Profesa ni sifa. Alipofika pale pa kujisifu alivyotega kamera, akabonyeza, ukatokea wewe, mkubwa kuliko mlango, unatambaa. Akabonyeza tena. Wewe. Tena. Wewe, na mvua inakunyeshea. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Bibi mmoja wa mstari wa mbele akauliza huyu ni nani. Swali dogo tu. Wallahi, Baba, Profesa hakujua! Miaka sita anakula ugali wa Mama, jina lako halijui. Akasema, "Ni yule mzee." Nikasimama kule nyuma, nikalitaja: Rajabu bin Selemani. Nikalitaja mara ya pili, polepole, waliokuwa na kalamu waandike.

Hapo tu sikukutii, sikwenda nyumbani. Nilibaki nikamwangalia anavyohangaika, na ilikuwa tamu, Baba. Nisikudanganye. Tamu kuliko nilivyotegemea.

Leo asubuhi kazi sina. Amenipigia simu mara tatu, anaomba nirudishe picha, tuyamalize kimya kimya. Najua wewe ungesema yaishe, mgeni ni mgeni. Tafadhali usinijie ndotoni na maneno hayo. Wewe ulimsamehe mpaka ukafa, mimi siwezi, na sitaki kuweza.

Nakuahidi hivi: kitabu kile hakitachapwa tena bila jina lako juu ya jina lake. Na atakuja mwenyewe kaburini kwako, asome jina lako kwa sauti, Mama akisikia. Mpaka siku hiyo kadi zote za kamera, zenye picha za miaka sita, ninazo mimi.

Lala, Baba, Mungu akurehemu. Umetambaa vya kutosha. Sasa ni zamu yake.

Mwanao,
Mwanaidi